Bunduki ya marisau inayojijaza yenyewe: mnunuzi wa Mpanda aangalie nini

Msimu wa uwindaji nchini hufunguliwa tarehe 1 Julai. Mkazi wa Mpanda anayetaka kuingia msimu huo na bunduki mpya ya marisau hana budi kuanza hesabu zake miezi mingi kabla, kwa kuwa fedha, leseni na mzigo wenyewe haviendi kwa mwendo mmoja. Zamani mtu alichagua kati ya mitutu miwili na pampu. Siku hizi lipo chaguo la tatu, nalo ndilo linalowavuta wengi: bunduki inayojijaza yenyewe, yaani kila ukivuta triga inapiga risasi moja, inatupa ganda na kuingiza risasi nyingine bila mkono wa mtu kugusa komeo.

Ukimuuliza muuzaji ipi nzuri, atakutajia jina la kiwanda. Ukurasa huu unaona jina la kiwanda lisubiri. Linalotangulia ni nguvu gani inayoendesha mtambo, kwa kuwa nguvu hiyo ndiyo inayoamua bunduki itakubali risasi ipi, kipuri gani kitachakaa mapema, na itavumilia nini katika vumbi la kiangazi cha Katavi. Nguvu hizo ni tatu: mwendo wa mtutu, inesha, na gesi. Lakini mbele ya mtambo ipo sheria, na hapo fedha yote ya mnunuzi inaweza kupotea kwa siku moja.

SHERIA INARUHUSU RISASI NGAPI?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, ina orodha ya njia za kuwinda zilizokatazwa. Pamoja na sumu, mitego, taa na kuwinda kwa gari, imo bunduki yenye uwezo wa kupiga risasi zaidi ya moja kwa kuvuta triga mara moja, au ya kujijaza yenyewe zaidi ya mara moja bila mwindaji kufanya kitendo kingine. Anayetaka kwenda kinyume cha hapo sharti awe na idhini ya maandishi ya Mkurugenzi.

Maneno ya kuzingatia ni hayo ya "zaidi ya mara moja". Bunduki ya kawaida kutoka kiwandani hubeba risasi moja kwenye chemba na nyingine tatu au nne kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Ikipiga ya kwanza inajijaza. Ikipiga ya pili inajijaza tena, na hapo imekwisha kuvuka mpaka. Inayobaki ndani ya maneno ya sheria ni ile yenye risasi moja chemba na moja bombani, mbili kwa jumla, sawasawa na mitutu miwili.

Viwanda huweka kizibo cha mbao au plastiki cha kupunguza nafasi ya bomba. Jihadhari: kizibo kinachokuja ndani ya boksi mara nyingi kimekatwa kwa hesabu ya Marekani, ambako tangu miaka ya 1930 mwindaji wa ndege wahamao anaruhusiwa risasi tatu kwa jumla. Kwetu tatu ni moja ya ziada. Aidha, sheria inazungumzia uwezo wa bunduki, na kizibo kinachotoka kwa mkono kinaweza kuzua ubishi porini kati yako na askari wa wanyamapori. Dawa ni kuandika barua kwa ofisi ya wanyamapori, ueleze aina ya bunduki na kizibo, na upate jibu la maandishi kabla ya kununua.

Leseni ya kumiliki ni suala jingine. Hiyo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991, na mlango wake ni polisi. Uliza kituo cha wilaya kuhusu aina unayoitaka kabla ya kutoa malipo ya awali. Na kama kuna mtu atakunong'oneza juu ya bunduki ya bei poa iliyovuka Ziwa Tanganyika na kushuka Karema bila karatasi, huyo anakuuzia kesi.

MTUTU UNAORUDI NYUMA

Mtambo mkongwe ni huu, na aliyeubuni ni John Moses Browning wa Utah, Marekani. Hataza aliipata mwaka 1900. Kisa chake ni cha kibiashara. Kampuni ya Winchester ilikuwa imezoea kumlipa mara moja tu kwa kila ubunifu. Safari hii alidai mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa, nao wakakataa. Akaenda Remington, na mkuu wa kampuni akafariki ghafla Januari 1902 siku ile ile Browning alipokuwa akisubiri kuonana naye. Akapanda meli kwenda Ubelgiji, kiwanda cha FN cha Herstal. Bunduki hiyo, Auto-5, ilitengenezwa Ubelgiji na baadaye Japani hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Remington nao baadaye waliitengeneza kwa jina lao.

Kazi yake ni hii. Risasi ikilipuka, mtutu na komeo hurudi nyuma vikiwa vimefungana, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Mwisho wa safari komeo linanaswa, mtutu unarudi mbele kwa springi yake, na ganda linabaki limeshikwa na kucha ya komeo kisha linatupwa nje. Ndipo komeo nalo linaachiwa na kwenda mbele na risasi mpya. Mpigaji husikia mapigo mawili begani, na asiyezoea hudhani bunduki imevunjika.

Sifa yake ni kwamba mtutu hauna tundu, hivyo masizi ya baruti hayaingii mtamboni kwa wingi. Kasoro yake ni ringi za msuguano zilizo kwenye bomba chini ya mtutu, ambazo hupangwa upya kila unapobadili nguvu ya risasi. Kwa risasi nzito ringi ya chuma huwekwa kati ya springi na kipande cha shaba nyeusi. Kwa risasi nyepesi hushushwa chini kabisa, upande wa kasha la mtambo. Mwenye kusahau akapiga risasi nzito kwa mpangilio wa nyepesi haoni kitu siku hiyo. Bunduki ndiyo inayoona: mtutu unagonga kasha kwa nguvu zote, na baada ya muda mbao ya mbele inapasuka. Kwa hiyo hii ni bunduki ya mtu mmoja anayeijua. Si ya kambi, ambako leo inashikwa na huyu na kesho na yule.

INESHA

Mtambo wa pili ulibuniwa na Bruno Civolani wa Italia, na ulitangazwa duniani na kampuni ya Benelli, iliyoanzishwa Urbino mwaka 1967. Ili kuuelewa, kumbuka umesimama ndani ya basi la Sumbawanga pale stendi. Dereva akiachia klachi kwa fujo basi linakwenda mbele, na mwili wako unabaki pale ulipokuwa hadi mkono uliokamata bomba uuvute. Ndani ya bunduki hii komeo lina sehemu mbili: kichwa kinachozunguka na kujifunga nyuma ya risasi, na mwili mzito ulio nyuma yake. Katikati yao ipo springi fupi ngumu. Bunduki inaporuka nyuma kwa teke, mwili wa komeo unabaki mahali pake kama yule abiria, na springi inabanwa milimita chache. Marisau yakiwa yamekwisha kutoka mtutuni, springi inajinyoosha, inalitupa komeo nyuma, kichwa kinazunguka na kufunguka, ganda linatoka.

Hakuna pistoni, hakuna tundu, hakuna ringi ya mpira. Moshi wote unatoka na marisau. Kwa mahali penye vumbi, na palipo mbali na fundi, hii ni sifa kubwa sana.

Bei ya sifa hiyo inalipwa mahali pawili. Kwanza, bunduki sharti iwe huru kurudi nyuma. Ukiikandamiza kwenye shina la mti, au ukaifunga tochi kubwa na mkanda wa risasi za akiba hadi ikawa nzito, springi haibanwi vya kutosha na ganda linakwama. Risasi dhaifu nayo italeta matokeo hayo hayo. Pili, kichwa cha komeo kisipozunguka hadi mwisho bunduki haipigi; unavuta triga unasikia "ta" tupu, na kwale amekwenda. Hutokea komeo linaposindikizwa polepole kwa mkono ili lisitoe sauti, au bunduki inapogongwagongwa ndani ya gari. Komeo la namna hii huvutwa hadi mwisho na kuachiwa lijifunge kwa nguvu yake lenyewe.

GESI, NA BEGA LA MLENGA SAHANI

Mtambo wa tatu ndio uliouzwa zaidi kwa wapenda mchezo wa sahani. Ulianza kuonekana madukani Marekani mwaka 1956, na Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoupa jina. Mtutu una tundu dogo moja au zaidi. Risasi ikipita hapo, sehemu ya gesi ya baruti inashuka tunduni, inasukuma pistoni, na pistoni inasukuma komeo nyuma.

Watu husema bunduki ya gesi haina teke. Si kweli. Msukumo wa jumla hauendi popote. Kinachotokea ni kwamba safari ya komeo inautandaza kwa muda mrefu kidogo, na bega linaupokea kama msukumo badala ya ngumi. Uzito nao unafanya kazi yake. Ukiipiga risasi ile ile kwa bunduki ya kilo 3.6 na kwa ya kilo 2.7, nguvu ya teke kwenye ile nyepesi inazidi kwa theluthi moja. Bunduki za inesha kwa kawaida ni nyepesi, nazo hazina pistoni ya kulainisha, kwa hiyo zinapiga.

Je, hilo lina maana gani? Kwa mwindaji wa kanga ni jambo dogo. Kwa mlenga sahani ni jambo la kwanza. Duru moja ya sahani ni 25, na mtu akipiga duru nne kwa Jumamosi amepiga risasi 100. Akifanya hivyo Jumamosi 40 kwa mwaka ni risasi 4,000, na kwa risasi za gramu 28 hiyo ni kilo 112 za marisau zilizoondoka na kuliachia bega malipo yake. Mtu wa namna hiyo akinunua bunduki nyepesi ya inesha kwa sababu jirani yake mwindaji anaisifu, baada ya miezi sita ataanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na sahani zitaanza kumpita.

Hata hivyo gesi ina deni lake, nalo ni masizi. Masizi yakichanganyika na mafuta mengi na vumbi la Agosti hufanya tope jeusi linaloshika pistoni kama gundi. Watu wengi hapa humimina mafuta wakidhani wanaisaidia, wanaiua. Pistoni hufutwa ikakauka, ikapakwa kidogo sana au isipakwe kabisa, kama kitabu cha kiwanda kinavyosema. Remington 1100 ina pia ringi ya mpira ya kuzuia gesi isivuje. Ringi hiyo ikikauka na kupasuka, bunduki inageuka kuwa ya risasi moja moja. Ni kitu kidogo chenye bei ndogo, lakini kukipata Mpanda siku unayokihitaji ni jambo jingine, kwa hiyo atakayeichukua anunue ringi tano siku hiyo hiyo ya kununua bunduki.

Bunduki za gesi za baadaye zimepunguza tatizo la risasi nyepesi na nzito. Beretta 390 ya miaka ya 1990 ina vali inayotoa nje gesi inayozidi. Remington Versa Max ya mwaka 2010 ina matundu ndani ya chemba yenyewe: risasi ndefu inafunika baadhi ya matundu, fupi inayaacha wazi yote, na mtambo unapata gesi inayotosha bila mtu kugusa kitu.

RISASI ILIYOPO DUKANI

Hapa ndipo ukurasa huu ungependa mnunuzi atumie muda mwingi zaidi. Mpanda ina historia na madini ya risasi: reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba wa kampuni ya Uruwira Minerals, na mgodi ukafungwa mwaka 1960 reli ikabaki. Risasi za dukani, lakini, hazitoki ardhini kwetu. Zinasafiri mbali, na mteja hupata kilichofika.

Kwa bunduki ya mitutu miwili hilo halina uzito. Gramu 24, 28, 32 au 36, yote hutoka, kwa sababu anayefungua na kutoa ganda ni mkono wako. Bunduki inayojijaza inakula nguvu ya risasi yenyewe ili ifanye kazi. Risasi ya gramu 24, ambayo ndiyo kiwango cha Olimpiki kwa sahani, inaweza kushindwa kabisa kuiendesha bunduki ya inesha iliyotengenezwa kwa risasi ndefu za milimita 89. Kinyume chake, bunduki nyepesi ya sahani haikuundwa kulishwa mfululizo risasi nzito za milimita 76. Nunua bunduki kwa risasi unazozipata mwaka mzima, si kwa zile ulizoziona mara moja kwenye tangazo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe boksi la risasi anazoziuza kila siku. Soma gramu na urefu. Kisha muulize kama bunduki hiyo inaziendesha, na atoe jibu kwa kukuonyesha mahali halali pa kulengea, si kwa mdomo.

Jambo la vipuri linafuata. Soko la dunia limejaa bunduki za Uturuki, nyingi zikitoka miji ya Huğlu na Üzümlü, mkoa wa Konya, za gesi na za inesha, na bei zake huwa chini ya za Italia. Baadhi ni nzuri. Tatizo la mnunuzi ni kwamba kiwanda kimoja hutoa bunduki ile ile kwa majina tofauti kufuatana na mwagizaji, na mwagizaji akiacha biashara jina linakufa, wewe unabaki na bunduki isiyojulikana kipuri chake kinaitwaje. Andika jina la kiwanda lililopigwa kwenye chuma, usitegemee jina la boksi.

HESABU YA MWISHO WA MWEZI

Mwindaji wa kanga na kwale, mwenye kibali, anayepiga risasi chini ya 200 kwa mwaka katika maeneo yanayoruhusiwa (na wale kanga wa Sitalike ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi wasimtie tamaa), ukurasa huu hauoni anapata nini kwa kulipia mtambo wa kujijaza. Sheria ya kuwinda inamwachia risasi mbili. Kanga hukimbia zaidi kuliko anavyoruka, na akiruka risasi ya tatu huwa ni ya kelele. Mitutu miwili inampa mbili hizo hizo, inakubali kila risasi, na ikikunjwa mkononi kila aliye karibu anaona kwamba haina kitu. Inayojijaza haionyeshi. Ndani ya gari lenye watu sita kwenye njia ya porini, hilo si jambo la kupuuza.

Mwongozaji wa wageni, au mtu anayewinda na pia kufanya mazoezi, ana sababu nzuri zaidi. Huyo achukue ya inesha, geji 12, chemba ya milimita 76, uzito usiopungua kilo 3, na aishi na risasi za gramu 28 hadi 36. Mlenga sahani achukue gesi yenye vali, na awe na nidhamu ya kitambaa na brashi kila jioni ya mazoezi. Hata yeye asilipie bomba refu: kanuni za Olimpiki haziruhusu zaidi ya risasi mbili ndani ya bunduki. Na ajue kwamba maganda yatamrukia jirani wa kulia, jambo linaloleta maneno uwanjani.

Kuhusu mitumba, Auto-5 za zamani bado hutokea katika mali za marehemu na katika mauzo ya kambi zilizofungwa. Zinavutia kwa umbo na kwa bei. Toa mbao ya mbele uitazame ndani kwa ufa, hesabu ringi, kisha sukuma mtutu chini juu ya meza yenye kitambaa uone kama unarudi laini. Baada ya hapo pima chemba. Bunduki nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili, hasa za geji 16, zina chemba ya milimita 65. Risasi ya leo ya milimita 70 itaingia humo bila tabu, kwa kuwa urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limekwisha kupigwa. Ikiwa bado nzima ni fupi zaidi. Ikilipuka, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka na msukumo wa gesi unapanda kuliko mtutu ulivyokusudiwa. Fundi mwenye kipimo cha chemba ataliona hilo kwa dakika mbili. Muuzaji asiyekubali bunduki ipimwe, mwachie bunduki yake.